Mwanangu wa kidato cha nne anataka ualimu wa hisabati: naomba ushauri wa tahasusi na wa chuo

Mama wa Wete

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa walimu na wa wazazi waliotangulia, kwa sababu jambo hili limetugawa nyumbani na peke yangu sijaona njia ya kulimaliza. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha nne katika skuli moja hapa Pemba, na Novemba hii anafanya mtihani wa taifa. Tangu alipokuwa kidato cha pili, kila baada ya sala ya laasiri watoto wa majirani hukusanyika barazani kwetu na madaftari yao ya hisabati, naye huwaelekeza mpaka adhana ya magharibi, bila ya kuombwa wala kulipwa. Mwezi uliopita alituambia kuwa anataka kuwa mwalimu.

Baba yake hakupendezwa. Yeye ni mvuvi, na msimu wa karafuu ukifika tunachuma katika shamba alilotuachia marehemu babu yao. Hivyo ndivyo tulivyowasomesha watoto mpaka hapa. Anasema kwamba mtoto anayepata A za sayansi awe daktari, kwani walimu wa kujitolea tunawaona wenyewe hapa kijijini, wana shahada zao mkononi na bado wanasubiri ajira. Ami yake ameleta suluhu: kijana achague PCB, mojawapo ya tahasusi, yaani mikusanyiko ya masomo makuu matatu ya kidato cha tano na sita, ili njia ya udaktari ibaki wazi, na ikishindikana ndipo aende kwenye ualimu. Suluhu hiyo imewaridhisha wote isipokuwa mtoto mwenyewe, ambaye amenyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitia wasiwasi.

Ninataka kujua mambo matatu. Je, suluhu ya ami yake ni sawa? Tutajuaje kama anaupenda ualimu wenyewe, au anapenda tu kusifiwa na watoto wa majirani? Na chuo je: abaki Pemba, aende Unguja, au avuke Bara?

Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Wa alaykumu ssalaam, mama. Nimefundisha hisabati kwa miaka 31, sehemu kubwa hapa Pemba na michache Unguja, na nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako la kwanza lina mtego ambao nimewaona vijana wengi wakinaswa nao bila ya kujua.

Ami yake amekusudia wema, lakini PCB haiachi wazi mlango anaoutaka mtoto. Mwanafunzi wa PCB husoma fizikia, kemia na baiolojia kama masomo makuu. Hisabati anayoisoma ni ile ya ziada inayoitwa BAM, ambayo haihesabiwi kuwa somo kuu. Akifika chuo kikuu akaomba kusomea ualimu wa sayansi, ataulizwa masomo mawili atakayofundisha, na kwa kawaida hupewa yale aliyoyafaulu kama masomo makuu. Atakuwa mwalimu wa baiolojia na kemia, kazi ya heshima na yenye uhitaji mkubwa, lakini siyo aliyoitaka yeye. Anayetaka kufundisha hisabati sekondari asome hisabati ya juu, na hiyo imo katika PCM (fizikia, kemia na hisabati), ambako ataiambatanisha na fizikia, au katika EGM (uchumi, jiografia na hisabati), ambako ataiambatanisha na jiografia. Kwa hiyo chuo cha mwanao, kwa kiasi kikubwa, kitachaguliwa siku atakayoandika tahasusi ya kidato cha tano, miaka miwili kabla hajaiona fomu ya chuo. Zungumzeni sasa, kabla ya Novemba. Na baba aelezwe kwamba PCM nayo ina njia zake nje ya ualimu, ukiwamo uhandisi, asije akadhani kwamba mtoto amejifungia chumba kimoja.

Swali la pili ndilo ninalolijali zaidi. Kuwaelekeza watoto barazani ni dalili njema, lakini wale wanaokuja barazani wamekuja kwa hiari yao. Darasani watakuwapo pia wasiotaka kuja, wasiokunywa chai asubuhi, na wale ambao miaka minne iliyopita waliambiwa kuwa hawana akili ya hesabu wakaamini. Mwambie aende kwa mwalimu mkuu wa skuli ya msingi iliyo karibu, aombe kukaa nyuma ya darasa la tano kwa siku chache za mapumziko yake, kisha aombe kufundisha somo moja chini ya usimamizi wa mwenye darasa. Asimwangalie mtoto anayenyoosha mkono. Amtafute aliyeshindwa, akae naye, na arudi nyumbani awaeleze yule mtoto alikosea *kwa sababu gani*. Atakayesema tu kuwa mtoto ni mzito, huyo bado.

Nitatoa mfano wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mwanafunzi aliyeshikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu mara nne, na mara ya nne akalia. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima aliyekuwa akisomesha darasa la pili, ndiye aliyemwita pembeni akamuuliza: mkate wa kumimina ukikatwa sawasawa kwa watoto watatu, na mwingine kama huohuo ukakatwa kwa watoto wanne, wewe ungependa kukaa katika kundi lipi? Mtoto akajibu papo hapo, kisha akatazama daftari lake na kulirekebisha mwenyewe. Hakuwa mjinga hata kidogo. Aliona 4 ni kubwa kuliko 3, akatumia kanuni aliyofundishwa vizuri mahali isipofaa. Mimi nilijua jibu, yule mama alijua kosa lilikotoka, na miaka yote iliyofuata nilikuwa nikijifunza elimu yake.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa Kizanzibari anayetaka ualimu lazima alipime mapema, nalo ni lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari takriban kila kitu huwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili, Kiarabu na dini. Nimeona wanafunzi wanaoweza kuandika maana ya usanisinuru kwa Kiingereza neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, lakini ukiwauliza kwa Kiswahili jani linafanya nini na mwanga wa jua, hawana la kusema. Mwalimu mzuri wa hapa kwetu anavuka kutoka lugha moja hadi nyingine na kurudi, akijua ni wakati gani mtoto anahitaji kueleweshwa na wakati gani anahitaji kuzoeshwa maneno ya mtihani. Mpe mwanao zoezi: aeleze somo moja la hisabati kwa Kiingereza tupu, kisha kwa Kiswahili tupu. Lugha itakayomkwamisha ndiyo ya kuifanyia kazi kuanzia leo.

Kuhusu vyuo wapo wanaojua ya sasa kuliko mimi. Ninaongeza moja tu. Nilipokuwa nikisomea ualimu, msimamizi wangu wa mazoezi ya kufundisha alinitembelea mara moja, akakaa nyuma kwa dakika chache, akasaini karatasi akaondoka, na mpaka leo sijui aliona nini. Nilipoteza mwaka mzima wa kazi nikijifunza mambo ambayo angeweza kuniambia kwa nusu saa. Basi chuo chochote mtakachokitazama, ulizeni mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, msimamizi huja mara ngapi, na je, baada ya somo hukaa na mwanafunzi wakazungumza? Waulizeni wanafunzi, msiishie kwa wenye ofisi.

Mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, Unguja

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Mimi pia nilitoka Pemba, kwa hiyo nitasema yale niliyotamani kuambiwa kabla ya kupanda boti.

Kwa upande wa Serikali, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na makao yake makuu yapo Tunguu. Ualimu una nyumba yake ya zamani Beit el Ras, katika kampasi ya Nkrumah, ambayo ilikuwa chuo cha ualimu kabla ya kuunganishwa na SUZA. Kutoka mjini unapanda gari ya Bububu, nambari 502. Kwa Pemba kuna kampasi ya Benjamin Mkapa, Mchanga Mdogo, ambayo kwa mtu wa Wete ni kama nyumbani. Chukwani kipo Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, ambacho watu wengi wanakiita SUMAIT. Hicho kilianza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu, kikafadhiliwa kutoka Kuwait, na ualimu ndio mzizi wake. Si kila kampasi ina kila kozi, kwa hiyo kabla ya kuipenda kampasi iliyo karibu, hakikisheni kwamba ualimu wa hisabati unafundishwa hapo hapo.

Bara ipo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vipo vyuo vishiriki vyake viwili vilivyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya walimu khasa: DUCE, Chang'ombe, Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa. Ndugu yangu yuko Mkwawa. Anasifu masomo, ila alipata tabu na baridi, na gharama ya kurudi nyumbani ni kubwa mno kiasi kwamba hujipangia safari moja kwa mwaka.

Jambo la pointi huwachanganya wazazi. Kwa kidato cha sita A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4. Maana yake D mbili zinamruhusu mtu kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupata nafasi, na zaidi ya hapo, aliyepata D ya hisabati ajiulize kwa ukweli kama yuko tayari kuwasomesha watoto wa watu somo hilo. Maombi hupelekwa kwenye vyuo vyenyewe, siyo kwa Tume ya Vyuo Vikuu kama zamani, lakini mwongozo wa Tume ndio unaoonyesha kozi zilizoidhinishwa pamoja na sifa zake; usomeni huo kwanza. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliopangwa. Rafiki yangu alichelewa kuthibitisha na akasubiri awamu iliyofuata kwa khofu kubwa.

Jambo la mwisho, mama, na usilidharau: majina. Angalia cheti cha kuzaliwa, kisha jina alilosajiliwa nalo kwa mtihani. Kwetu sisi Khamis na Hamisi ni mtu mmoja, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja, lakini kwenye fomu za mkopo ni watu wawili. Darasani kwetu wapo waliokimbilia mahakamani kutafuta hati za kiapo katika wiki ya mwisho. Na mkopo muufuatilie mapema katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Ipo kwa sheria ya mwaka 2011, na inasaidia wengi wetu ambao wazazi wetu ni wavuvi na wakulima.

Mzazi wa Mkoani

Ninamuunga mkono baba. Binti yangu alimaliza shahada ya ualimu wa historia na Kiswahili, akajitolea katika skuli ya kijiji chetu kwa miaka mitatu. Alikuwa akifundisha vipindi sawa na walioajiriwa, na mwisho wa mwezi alipata nauli tu iliyochangwa na wazazi. Sasa ameajiriwa, alhamdulillahi, lakini miaka ile mitatu ilimkondesha mwili na moyo. Msimwambie kijana kwamba akimaliza chuo kazi inamsubiri mlangoni. Mwambieni ukweli, kisha kama bado anataka, muacheni aende.

Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Ndugu yangu wa Mkoani amesema kweli na sitaipunguza. Naongeza kwamba uhitaji haulingani katika masomo yote: skuli nyingi zina walimu wa kutosha wa historia na Kiswahili, huku darasa la hisabati au fizikia likikaa muhula mzima bila ya mwalimu wa somo. Hilo halimuhakikishii mwanao ajira, kwani ajira hutegemea nafasi zinazotangazwa na usaili, lakini foleni atakayosimama ni fupi zaidi.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Micheweni

Naomba nami niseme kidogo. Katika mazungumzo haya yote, ualimu umekuwa sekondari tu, kana kwamba watoto huzaliwa wakiwa kidato cha kwanza. Mimi nina stashahada, ninasomesha watoto wa miaka sita na saba katika skuli yenye mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana, na ninayaona makosa ya hisabati ya kidato cha nne yakiwa bado mbegu. Mtoto anayehesabu mpaka mia kwa kuimba, bila ya kujua kwamba kumi na tatu ni kumi moja na nyingine tatu zaidi, huyo hatashindwa leo. Atashindwa akifika kwenye aljebra, na mwalimu wa huko atamlaumu. Kijana aliyekusanya watoto barazani huenda anafaa huku kwetu kuliko anavyodhani. Akienda kukaa darasa la tano, basi siku moja aje pia darasa la kwanza.

Na kwa swali la stashahada au shahada: akifaulu vizuri kidato cha sita aende moja kwa moja kwenye shahada. Stashahada si aibu, mimi inanilisha, na wengi tunajiendeleza tukiwa kazini. Lakini kujiendeleza ukiwa na madaftari sabini ya kusahihisha na watoto wako mwenyewe nyumbani ni mzigo ambao asiulazimike kuubeba kama ana njia nyingine.

Mama wa Wete

Nimechelewa kurudi kwa wiki tatu kwa sababu nilitaka niwe na la kusema. Mwenyezi Mungu awalipe nyote.

Mwalimu mkuu wa skuli ya msingi alimpokea vizuri. Kijana alikaa darasa la tano kwa siku nne, na siku ya tano akafundisha kugawanya kwa baki. Alirudi nyumbani kimya, hakula. Baada ya isha ndipo aliponiambia kwamba alikuwapo msichana mmoja ambaye alimweleza mara tatu, na kila mara msichana alisema ndiyo, na kila mara akaandika jibu lilelile lililokosea. Nikamuuliza, kwa hiyo umeghairi? Akasema hapana, anataka kujua yule msichana anafikiri nini anaposema ndiyo.

Kesho yake alimuomba baba yake bao. Sijui mnavyocheza kwenu, lakini hapa mume wangu hamruhusu mtoto kuligusa bao lake. Alimpa. Kijana akazitoa kete zote 64 juu ya jamvi, akaanza kuzigawa kwenye mashimo matano, moja moja, kama mtu anayetia kete, ili aone msichana angepotelea wapi. Zikaingia kumi na mbili kila shimo, zikabaki nne mkononi. Baba yake alikuwa akitazama kutoka kwenye kiti chake, na akauliza: hizo nne unampa nani? Kijana akasema, hapo hapo ndipo alipokwama yule msichana, anaona zikibaki amekosea, kwa hiyo anazificha. Anaziongeza kwenye shimo lolote ili mkono ubaki mtupu. Wakakaa wawili hao mpaka taa ya jirani ikazimwa, wakibadilisha idadi ya mashimo, saba, tisa, kumi na moja. Miaka mingi sijamuona mume wangu akihesabu kitu kisichokuwa samaki au karafuu.

Ijumaa kijana alirudi skuli na bao chini ya kwapa. Mwalimu wa darasa alimpa msichana yule na wenzake wanne, nje, chini ya mwembe. Hajaniambia yote yaliyotokea, ila amesema kwamba msichana alizishika zile zilizobaki akauliza kama inaruhusiwa zibaki.

Baba yake hajasema kwamba anaukubali ualimu. Amesema kwamba PCM aiandike, kwa kuwa ndani yake muna uhandisi pia, na nimeona si busara kumvuta zaidi ya hapo kwa sasa. Bara amekataa kabisa, na mimi katika hilo niko pamoja naye. Darasa la kwanza Micheweni tumeambiwa karibuni baada ya mtihani, na tutakwenda. Kisha tutapita Mchanga Mdogo kuuliza kama ualimu wa hisabati upo pale, na ikiwa haupo, kijana atavuka na mjomba wake mpaka Unguja akaone Beit el Ras na Chukwani, akiwa na yale maswali ya mwalimu kuhusu mazoezi ya kufundisha ameyaandika kwenye karatasi.

Majina nimeyaangalia. Jina la babu yake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya ile ya skuli. Jumatatu ninakwenda Wete mjini kuanza kulishughulikia.